Kondoo wa Sinyora

Mshahara wa miezi mitatu
ulifika Muyeye umekunjwa mara nne,
umefungwa kamba ya katani,
juu ya mkokoteni wa Menza.

Sinyora Ornela alikuwa akihama.
Sofa zilishanunuliwa, jokofu, vitanda vya neti,
hata mbwa alipata mwenyewe.
Ukutani lilibaki zulia moja,
jikoni alibaki mama.
"Sidi, pesa imeisha. Chukua hili. Lilikuwa la bibi yangu."

Mama alilijua.
Miaka tisa, kila Jumamosi, alilipiga vumbi,
akianzia chini, kwa kondoo,
akipanda taratibu mpaka mawinguni.
Hakuna kondoo pale ambaye hakuonja fimbo yake.

Nyumba yetu ni ya udongo na fito.
Msumari wa kwanza ulizama kama kidole kwenye sima.
Wa pili ulimega bonge la ukuta
likatumbukia ndani ya sufuria ya mchicha.
Menza akatukana kidogo, akaomba radhi,
akapitisha boriti ya mkoko pembe hadi pembe
akalianika zulia kama leso kambani.
Lilikuwa pana kuliko ukuta.
Upande wa kushoto ulijikunja nyuma ya kabati
pamoja na kondoo wawili.

Basi nasi tukawa na malisho.
Nyasi za kijani kizito, hazijui kiangazi.
Mto wa buluu ya kufulia nguo nyeupe,
na sisi tunaoijua Sabaki, rangi ya chai ya maziwa,
tukaulizana maji haya yamepita wapi
hata yasibebe udongo wa mtu.
Msichana wa miguu mitupu na gauni la hariri.
Mchungaji amejilaza chini ya mti,
filimbi kifuani, kofia usoni.

Majirani walikuja kama wanaokuja kutazama mtoto.
Bi Mwanamvua alishika upindo, akaunusa:
"Lanukia ukwasi."
"Lanukia dawa ya nondo," mama akasema.
"Na bei yake?"
"Siku tisini."
Bi Mwanamvua akauachia upindo.

Usiku, koroboi ikiyumba,
mto ulikuwa kama unatembea.
Mjusi alihamia huko nyuma,
tukimsikia akikwaruza tumbo la kilima.
Mdogo wangu alilala akiwahesabu, hakuwahi kupita saba.

Kisha siku moja Kenga akaja kuomba maji,
Kenga anayechunga mbuzi wa watu kwa ujira wa mwezi.
Alisimama mlangoni, kikombe mkononi,
akatazama kuliko wote waliotazama.

"Huyu atafukuzwa kazi."
Nani?
"Huyu aliyelala. Yule pale anachechemea, mwiba umo ndani,
na huyu ameshaingia shamba la mtu."
Akaonyesha kona
ambayo sisi siku zote tuliiona maua.
"Halafu hawa watatu wameelekeza masikio kule.
Kuna wenzao wamepotea."
Tukalitazama kabati.
Hakuna aliyesema neno.

Akanywa maji yote, akakung'uta kikombe nje.
"Na mwenye mali yuko wapi?"

Hilo hatukuwa tumejiuliza.
Tukasogea, tukatafuta,
tukapita msichana, tukapita mto na miti,
na juu kabisa, karibu na boriti,
tukaliona: jumba jeupe,
madirisha yake madogo kama punje za mchele.

Mama aliacha kuchambua mchicha.
"Yumo mle," akasema. "Anafunga mizigo."

Kenga akacheka mpaka mbuzi wakageuka.
Mama hakucheka.

Jumamosi zilizofuata aliendelea kulitoa uani
na kulipiga vumbi kama zamani.
Nilimwambia, mama, sasa ni lako, pumzika,
hakuna anayekukagua.
Alinitazama, akakaza leso kiunoni,
akachukua kigoda, akapanda.
Siku hizi anaanzia juu.